Sitakwenda Kumwona Direkteri Wenu

Siku ninayoikumbuka ilikuwa Jumatano, mwanangu, na kabla sijakusimulia weka hiyo simu chini. Weka kabisa. Nimeiona karatasi yako ya kuchagua seksio, uliyoitupa juu ya meza ya chai kama gazeti la juzi. Shule inakuuliza unataka mkondo gani wa masomo baada ya darasa la tisa, imekupa mistari mitatu: chaguo la kwanza, la pili na la tatu. Wewe umejaza Sayansi, Sayansi, Sayansi. Nilipokuuliza kwa nini, ukanijibu kwamba rafiki yako Nadia na wenzake wote wanakwenda Sayansi. Hilo ndilo jibu la msichana wa miaka kumi na sita? Halafu mama yako naye anakuja kunibembeleza, eti nafasi za Sayansi zimebaki chache, alama zako hazifiki, na mimi babu yako kwa kuwa nafahamiana na direkteri, mkuu wa shule yenu, niende nikamwone. Jamani, mnanichosha.

Basi sikia. Nilikuwa na umri wako. Baba yangu alikuwa na duka la vipuri vya magari hapahapa Buyenzi, hili hili ninalokalia mimi leo, na mimi nilikuwa mtoto wa maneno. Mteja akitoka Uvira au Ngozi, nilimsemesha kwa lugha yake mpaka akasahau alikuja kununua nini, na barua za Kifaransa za mtaa mzima nilikuwa naziandika mimi. Mwalimu wangu aliniambia waziwazi nichague seksio ya Lugha. Nikamwona hana akili. Mi nilitaka kuitwa Dogiteri, hilo tu. Hospitali sikuwahi kukanyaga ila siku niliyovunjika mkono, na Idi ya kuchinja ikifika nilikuwa najifungia chumbani mpaka mbuzi awe nyama. Usicheke, bado sijamaliza.

Nyumba inayotazamana na yetu alikaa Mwajuma. Ndiyo, Mwalimu Mwajuma huyuhuyu aliyekufundisha kusoma. Tulikuwa darasa moja. Kwao wakichinja kuku, yeye aliomba matumbo ayapasue aone kilichomo. Mama yake alipopata kidonda cha mguu, ni yeye aliyekisafisha kila asubuhi kabla ya shule, akiandika kwenye daftari kimepungua kiasi gani. Alama zake na zangu zilipishana sana, na simaanishi kwamba mimi ndiye niliyekuwa juu.

Alama zangu hazikufika Sayansi. Nikamlilia baba, na baba, Mungu amrehemu, alinidekeza vibaya. Direkteri wa lise yetu ya sekondari alikuwa na gari la zamani ambalo lisingekwenda bila vipuri vya baba. Jumatatu baba akavaa kanzu yake ya Ijumaa, akaenda kumwona. Walizungumza nini, sijui. Jumatano majina yakabandikwa ukutani. Nikalitafuta langu juu, nikalitafuta katikati, nikalikuta la mwisho kabisa. Mengine yote yalipigwa kwa mashine, langu liliandikwa kwa kalamu, pembeni ya jina lililokatwa mstari mmoja. Lilisomeka vizuri tu. Lilikuwa jina la Mwajuma.

Nilielewa palepale, mwanangu, usidhani sikuelewa. Nikaenda nyumbani, nikala pilau aliyonipikia mama, wajomba wakaniita Dogiteri, nami nikaitika. Sikumwambia mtu. Mwajuma akapelekwa seksio ya Ualimu, lise ileile, chumba cha pili kutoka darasa letu.

Sasa fikiria. Mwezi haujaisha, mwalimu wa biolojia akaleta vyura kwenye sinia, kila mmoja ampasue wake. Nilimwona chura, nikauona ukuta unazunguka, nikazinduka niko kwenye benchi nje, wenzangu wananipepea kwa madaftari huku wanacheka. Kemia niliikariri kama kasuku. Fizikia hata kuikariri nilishindwa. Bulteni ya kwanza, ile karatasi ya alama, ilikuja imejaa wino mwekundu toka juu hadi chini. Nikaanza kutoroka, naaga nyumbani na daftari mkononi, naishia kwenye magaraji kupiga soga na mafundi. Muhula wa pili nikaacha shule kabisa.

Baba hakunipiga. Ningetamani angenipiga. Alinikalisha dukani, na siku hiyo mteja mmoja kutoka Kinama alikuja kununua demarere ya okazioni, ile ya kuwashia injini iliyokwisha kutumika kwenye gari jingine. Unaijua desturi ya hapa: mteja haondoki nayo mpaka fundi aunganishe nyaya kwenye batri na kile chuma kizunguke mbele ya macho yake. Kilizunguka, mteja akaridhika, akaenda zake. Baba akaniambia, “Umemuona ule mutu? Ni chuma tu, na hakubali kuibeba mpaka ajaribu. Mi na we tulichagua maisha yako bila kujaribu kitu. Tulisikia jina, tukabeba.” Halafu akaniambia nifagie duka.

Nimefagia duka hili tangu siku hiyo. Silalamiki, nyinyi wote mmekula na mmesoma kwa vipuri hivi. Lakini kuanza upya kwenye Lugha sikuweza, niliona aibu kukaa benchi moja na wadogo zangu, na mpaka leo nikipita Rohero kwenye maofisi nikaona vijana wanaitwa kufasiri mikutano, moyo unaniuma. Hilo nililitafuta mwenyewe. La Mwajuma ndilo lililonikaa kooni miaka yote.

Mwaka jana siku ya Idi alikuja kutusalimia. Nyinyi mlikuwa mmetoka kutembea. Nikamwambia kila kitu: kanzu ya baba, direkteri, jina lililokatwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, ndipo akaniambia kwamba alijua toka Jumatano ileile, maana alifika kwenye ule ukuta kabla yangu.

“Nilikusamehe zamani, Haruna,” akasema. “Na kazi ya kufundisha niliipenda, usinionee huruma. Ila kuna kitu sikukuambia. We ulipoacha, hawakuweka mutu. Mpaka mwaka ukaisha mi napita kwenye dirisha la darasa lenu, naona kiti chako kitupu.”

Kisha akaomba sukari. Nikampa, na chai yangu ikapoa sijaigusa.

Kwa hiyo mwambie mama yako sitakwenda kumwona direkteri wenu. Anune akitaka. Karatasi inatakiwa Ijumaa, leo ni Jumanne. Kesho ukitoka shuleni, uone Sayansi inakompeleka mtu, nenda kwa mkunga wa zahanati ya hapa nyuma, umwombe ukae pembeni uione kazi yake yote, pamoja na damu, vilio na ndoo za kuosha. Keshokutwa nenda kwa yule bwana anayechora ramani za nyumba, kwa sababu jiko letu jipya ulilichora wewe na fundi akafuata mchoro wako bila kubadilisha kitu, na seksio ya Ufundi hukuiandika hata kwenye mstari wa tatu. Angalia bulteni yako kwa macho yako. Jiulize ni somo gani unalifanya bila mtu kukufokea. Nadia ni rafiki mzuri, lakini ipo siku ataolewa Kigoma, na wewe utabaki hapa na diploma aliyokuchagulia. Ukirudi ukaniambia bado ni Sayansi, iandike kwenye mstari wa kwanza, mimi nitakutetea kwa yeyote, halafu ungoje alama zako zikupeleke. Zisipokupeleka, ujue hapo pana mtoto mwingine amesimama, mimi simjui na wewe humjui, na hana babu wa kumsemea.

Haya, sogea nikushike kichwa. Mungu akufungue macho, akupe kilicho chako mpaka utosheke, na cha mwenzako akunyime hata ukikililia.