Mzee Aliyeonja Mafuta ya Tanuri

Cheka ukitaka. Msimamizi wetu alicheka pia, na leo hana nyusi. Haya yalinitokea mimi, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu.

Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la sita, nikalea wadogo zangu mtaani Makorora kwa kazi ya tanuri katika kiwanda cha sabuni. Tanuri linapasha mafuta moto, pampu inayazungusha mabombani, mabomba yanachemsha mapipa ya sabuni. Mafuta hayo ni ya kazi hiyo tu. Yalipochoka, msimamizi, bwana mwenye cheti ukutani, akaleta mafuta ya haidroliki ya trekta.

"Bosi, haya hayatastahimili moto ule."

"Dada, uliishia darasa la ngapi vile? Mafuta ni mafuta."

Mwanamume mzima! Hata muuza mihogo hakaangii mafuta ya taa.

Ijumaa adhuhuri wanaume wakaenda msikitini. Ili kubana matumizi ya umeme, msimamizi akazima moto na pampu pamoja, naye akaondoka. Nikabaki na mdogo wangu Mwanaidi, anafunga sabuni kando ya bomba kuu.

Akaingia mzee mwenye ovaroli kuukuu. Nikamwamkia shikamoo, akanipita. Akafungua koki, akakinga mafuta kiganjani. Niamini, mafuta yale yangemchuna mtu ngozi. Akayaonja, akatema.

"Ya trekta! Tena mmeyasimamisha, na matofali ya tanuri bado mekundu? Yakisimama humo yanaungua na kupasua bomba, mwanangu. Washa pampu. Na huyo binti mtoe."

Nikawasha. Kugeuka, hayupo. Mate yake yanafuka moshi sakafuni. Nikamtoa Mwanaidi mbio.

Msimamizi aliporudi nilimweleza.

"Siku hizi mizimu nayo inasomea ufundi?"

"Imekuzidi wewe," nikamjibu.

Akazima pampu kunitia adabu, kisha akawasha moto. Pampu akaisahau! Nikapiga kelele mlangoni, akaniambia ninyamaze. Bomba kuu likapasuka palepale alipokuwa amekaa Mwanaidi, na moto ukamramba bwana cheti uso.

Wakongwe wa kiwanda nilipowaeleza sura ya yule mzee walitazamana. Ndiye aliyelijenga tanuri. Alizikwa Tongoni kabla sijaajiriwa.

Sasa tunatia mafuta yanayostahili, na pampu haizimwi mpaka tanuri lipoe. Lakini doa la mate yale halitoki kwa sabuni yoyote tunayopika, na kila Ijumaa adhuhuri ukiligusa ni la moto.

Basi nawe uliyesoma, ukitia tanurini mafuta usiyoyajua, usikae ukimngoja mzee. Alikuja kwa ajili ya Mwanaidi. Kwa ajili yako haji.