Sola ya Sheha Juu ya Nyumba Yangu

Msikiti wetu umebanwa na majumba marefu kila upande. Jua linaugusa adhuhuri, halafu lishaondoka. Nyumba niliyoachiwa na mama iko ubavuni mwake, ina sakafu tambarare juu, na pale jua linashinda kutwa. Mama akianika karafuu pale. Mimi sikuwahi kulihesabu jua lile kuwa ni mali yangu, mpaka alipokuja katibu wa msikiti kuniomba.

Alinikuta chini kwenye cherehani, nashona kanzu. Akavuta kigoda.

"Yakhe, hali ya maji unaijua."

"Naijua."

"Umeme ukikatika, pampu ya kisima inalala. Watu wanakuja kusali, birika la kutawadhia tupu. Sasa tumepata mtu wa kutufungia sola. Paneli, betri, pampu mpya, vyote vipo. Tulichokosa ni pahala penye jua."

"Mtu gani huyo?"

Akaishika kanzu niliyoitundika, akawa anaangalia mshono. "Mtu wa kheri tu."

"Watu wa kheri wana majina."

"Ni mzee sheha. Sheha wa zamani. Mtoto wake wa Maskati ndiye aliyenunua, lakini nia ni ya baba. Anataka sadaka ya kumfuata kaburini."

Nikausimamisha mguu. Nasema mguu kwa sababu unaofanya kazi ni mmoja.

Skuli niliishia darasa la saba, kwa hivyo sitoandika kama wanavyoandika wasomi, ukasoma kurasa kumi hujui nani kafanya nini. Mimi nasema. Mwaka ule wa vurugu za uchaguzi, siku ya pili yake, askari waliingia mtaani kwetu. Mimi sikuwa nimetoka kwenda kuandamana. Nilikuwa na khofu, na khofu ikinishika mimi nashona. Wakauvunja mlango. Nilikimbilia ngazini na risasi ikanikuta gotini. Wenzangu wengine wa mtaa ule hawakuwahi hata kufika ngazini.

Aliyenipiga simjui. Alikuwa kijana wa watu, katumwa. Nnaowajua ni hawa. Yule mkubwa aliyepanda jukwaani akasema mtaa wetu ni wa wasaliti. Viongozi wa upande wetu wenyewe, waliowatoa vijana barabarani, halafu wao wakavuka bahari. Imamu wa wakati ule, aliyeitwa kuwasomea hitima waliouawa, akasema kichwa kinamuuma. Na sheha, mkono wa serikali hapa mtaani, aliyetembea mbele ya askari akiwaonesha milango kwa kidole. Majina yao mtaa mzima unayajua.

Baadaye wakubwa wakapatana. Wamekaa meza moja, wamecheka mbele ya kamera, na sisi tukaambiwa tusahau. Hakuja mtu kuniuliza kama goti langu nalo limepatana. Mtaani kwetu mabaraza yalikuwa mawili, moja la chama hiki na moja la chama kile, na muuza kahawa akipita kwa wake tu. Sasa ni baraza moja. Watu wanakaa pamoja, wanazungumza mpira.

Sheha naye akapata wito wa kwenda Hija. Kwetu mtu hendi Makka na dhima za watu shingoni. Anapita mlango kwa mlango anaomba radhi. Akafika na kwangu, kanzu nyeupe, tasbihi mkononi, akasema kama wasemavyo wote: "Nakuomba radhi kwa nnayoyajua na nsiyoyajua."

Na mimi mdomo ukajibu kama wajibuvyo wote: "Nimekusamehe duniani na akhera."

Akaenda zake mlango wa pili. Nilibaki nimesimama na mkasi mkononi. Lile jibu lilinitoka kama mtu anavyoitika naam akiitwa. Tangu siku ile yeye analala vizuri na mimi nimekuwa wa kuzunguka chumbani.

Kwa hivyo katibu aliponieleza ile sadaka, niliona kitu kimoja tu. Huyu mtu akifa, maji yataendelea kutoka, na kila atakayetawadha, thawabu itamfikia yeye sheha kule kaburini. Kwa jua langu.

"Tutakufungia na mota kwenye cherehani," katibu akasema. "Usiuchoshe mguu."

"Mguu nlonao unatosha. Nenda, ntafikiri."

Nilifikiri vibaya. Ijumaa ile imamu wetu wa sasa alisoma dua ya kuwaombea watu wa Palestina, na safu zote zikalia. Nami nililia. Lakini naandika ukweli, ndani ya machozi yangu kulikuwa na wivu. Watoto wale wa mbali wana msikiti mzima unaowalilia, na ni haki yao. Lakini waliokufa hapa uchochoroni, na imani ni hii hii, hawakuwahi kutajwa juu ya mimbari ile. Vita vya mbali havina jirani wa kumuonea haya, ndiyo maana tunavililia kwa sauti.

Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu sola sitaki.

Alikuwa anashusha ndoo kichwani. Umeme ulikuwa umekatika, bomba la msikiti tunalotekea majirani kavu, kaenda kuteka kisima cha mtaa wa pili. "Hutaki kwa sababu gani?"

"Redioni kutwa nishati safi, nishati safi. Dada yako kule Jambiani, bahari imekuwa ya moto, mwani wake unaozea kwenye kamba. Hoteli ya jirani yake ina sola paa zima na imevuta maji yote ya kijiji. Usafi wake uko wapi?"

"Hiyo ya hoteli. Nakuuliza hii yetu."

"Jua halina chama. Lakini anayeleta paneli anacho."

"Na ndoo ina chama gani?" Akaiweka chini, maji yakamwagika. "Wewe unagombana na sheha, anayebeba mimi. Hata hagombani na wewe, maskini, kakaa zake anakunywa kahawa. Kama una neno naye, mwambie. Usiniambie mimi na shingo yangu."

Hapo nikapata la kufanya. Nikamwita katibu. Nikamwambia sakafu natoa, lakini sheha apande mwenyewe mpaka juu, aseme alilonifanya. Siyo anayoyajua na asiyoyajua. Lile lile moja.

"Yule mzee hawezi ngazi, bwana."

"Mimi nazipanda kila siku."

Alikuja baada ya Alasiri. Nilimsikia anapumzika kila pahala penye kona, fimbo inagonga ukuta. Alipotokeza juu nikampa shikamoo, kwa sababu ni mzee, na kwa sababu mdomo wangu hauna akili.

"Marahaba." Mke wangu alikuwa keshaweka kiti. Akakaa, akahema. "Radhi nilikuomba, na wewe ukanisamehe duniani na akhera. Nilisikia kwa masikio yangu."

"Nilimsamehe mwenye kwenda Hija. Leo nataka sheha."

Akaangalia chini uchochoroni. Kisha akanyoosha ile fimbo. "Nilisimama pale, kwenye kona ya duka la mkate. Wakanambia onesha. Nikaonesha nyumba ambazo watu wake walikwishakimbia. Wakaingia, wakatoka, wamekasirika. Wakasema nawachezea. Ndipo nikaonesha mlango wako."

"Ulijua nimo?"

"Nilijua. Nilisikia cherehani."

Chini watu walikuwa wanapita, mtu anacheka.

"Basi?" akauliza.

"Mafundi waje."

"Na mimi?"

Lile jibu lilikuwa tayari ulimini, limepangwa, nilifundishwa tangu mdogo. Nikafunga mdomo. Yeye akangoja, halafu akashika fimbo yake akashuka, na mke wangu akamshika mkono kwenye ngazi.

Paneli ziko juu sasa. Birika limejaa hata umeme ukikatika, na mke wangu ndoo anajazia hapo mlangoni pa msikiti. Mimi natawadha maji yale yale, nasali, na sheha yuko safu ya mbele. Tukitoka ananingoja penye viatu, ananitazama, tunasalimiana. Hanambii kitu. Jibu lake bado ninalo.

Usingizi haujarudi. Mchana nashona, na mara nyingine nausimamisha mguu ghafla, nasikiliza nje. Nilikuwa sijui kama cherehani yangu inasikika mpaka kule kwenye kona.