Kuivisha Mchanga

Mama yangu alitumia maisha yake yote kutoa mchanga kwenye ulezi. Kisha akaja kukaa kwangu Katandala, mjini Sumbawanga, nami nikamwomba anioshee mchanga. Alinitazama, akakitazama kiroba nilichokishika, akasema, "Mwanangu, nyie wa mjini mnaumwa." Hata hivyo alivuta beseni.

Ugonjwa wenyewe niliupata Dar es Salaam, nilikokwenda kununua bidhaa za duka langu la madaftari na kalamu. Rafiki niliyesoma naye alinikaribisha kwake, na sebuleni alikuwa na tangi la kioo lenye maji ya bahari. Ndani yake walizunguka samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Niliwatazama hadi chai ikapoa. Nilirudi Sumbawanga na pampu ndogo, kifaa cha kupashia maji joto, mfuko wa chumvi maalumu ya kuchanganya maji ya bahari, na kichwa kigumu. Fundi wa vioo aliyenitengenezea tangi aliniuliza kama ni la kuwekea maandazi.

Wakati huo mama alikuwa na miezi mitatu kwangu. Kule kwake Kasense alikuwa ameanguka mara mbili akiwa peke yake, basi nikaenda kumchukua bila kumuuliza sana. Kwangu hakuwa na kazi. Alikaa kwenye kiti, akanishukuru kwa kila kikombe cha chai kama mgeni, na kila jioni akasema kwamba atarudi kwake. Nguo zake nyingi zilibaki ndani ya begi. Niliogopa sana siku ambayo ningetoka dukani nikute kiti kitupu.

Mchanga ulinisumbua kuliko kitu chochote. Ule wa kujengea, unaomwagwa na malori, uliyageuza maji yakawa kama chai ya rangi. Jirani alinishauri nichukue wa Ziwa Rukwa: bahari ina chumvi, Rukwa nayo ina chumvi, basi hao ni ndugu. Hoja hiyo ilinipendeza hadi rafiki yangu wa Dar aliponiambia kwa simu kwamba chumvi ya Rukwa ni magadi, si chumvi ya bahari, na kwamba samaki hawaishi kwa undugu. Mwishowe dada mmoja anayeuza samaki aina ya migebuka sokoni aliniletea kiroba cha mchanga mweupe kutoka Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika.

Mama alichukua punje chache, akazisugua kwa vidole, kisha akazitia mdomoni akazitafuna. Akatema. "Huu hauna udongo," alisema. "Umeshaoshwa na ziwa." Tukaupitishia sumaku ya redio mbovu, na chembe nyeusi zenye chuma zikanasa. Kazi hiyo aliipenda, akairudia hata pale ambapo hakukuwa na cha kunasa.

Halafu akaosha. Natamani mngeiona mikono ile. Aliinamisha beseni kidogo, akalizungusha kwa kiwiko, uchafu ukapanda ukasogea ukingoni, na kabla haujatulia akaumwaga. Punje ya mchanga haikutoka. Ni namna ileile ya kuosha ulezi, ila kwenye ulezi unachomwaga ndicho unachokitaka, na mchanga ndio unaoutupa. Nilijaribu na mimi. Nusu ya mchanga wangu ikaishia uani, na mama akacheka mpaka akafuta machozi. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu aje.

Kilichobaki kilikuwa mbegu. Mchanga ulio safi hivyo hauna uhai, na samaki akiwekwa juu yake hufa kwa sumu ya uchafu wake mwenyewe. Unahitaji kutiwa mchanga kidogo kutoka tangi la zamani, wenye vijidudu vinavyoila sumu hiyo. Rafiki yangu alijaza chupa moja, akaituma kwa basi. Nilimwambia mama kwamba bodaboda ataleta chupa, aipokee. Sikumwambia zaidi. Nilijisemea, habari za bakteria nitamwelezaje mama?

Jioni nilikuta sinia uani. Mama alikuwa ameifungua ile chupa, akasikia harufu ya dimbwi, akaona tope, akaniokoa na aibu. Aliuosha mchanga ule kwa maji ya bomba mara saba, akauanika juani. Ulikuwa umekauka, unang'aa kwa usafi, na umekufa.

Nilimgombeza mama yangu. Niliyoyasema siyaandiki hapa. Aliingia chumbani, nikasikia zipu ya begi.

Nilisimama mlangoni hasira ikiwa imeshageuka aibu, na kwa kukosa neno lingine nikaanza kumweleza. Nikamwambia kwamba ndani ya mchanga ule kulikuwa na vitu hai visivyoonekana, kwamba unatia kidogo kwenye mpya, vinazaana taratibu mpaka vinaenea pote.

Mama aliacha kukunja kanga. "Kumbe ni chachu."

"Ndiyo mama. Ni chachu."

"Sasa kwa nini hukuniambia ni chachu?"

Mwanamke huyu alipika pombe ya ulezi Kasense yote ikaisifu. Wenzake walikuja kwake na vikombe kuomba chachu pombe zao zilipogoma kuumuka. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye vyungu vile. Na mimi nilimwona hawezi kuelewa.

Alikaa kitandani akafikiri. "Chupa sijaiosha," alisema. Wala hakukumbuka kuiacha kwa makusudi. Mkono wake tu haukuzoea kusugua chombo kilichobeba kitu kama kile. Tukaiendea nyuma ya mlango wa jiko. Chini kulikuwa na tope la kama kijiko kimoja, bado bichi. Alilitia kwenye tangi mwenyewe.

"Litachukua siku ngapi?" aliuliza.

"Wiki kadhaa. Pengine zaidi, maana ni kidogo."

"Basi nitakaa mpaka mchanga uive. Halafu nitakwenda kwangu."

Akaushika usukani. Alilisha ile chachu kwa kipande cha dagaa kisichozidi ukucha. Alimkataza kila mtu kutia mkono wenye sabuni. Umeme ulipokatika, na baridi yetu mnaijua, alilifunika tangi kwa blanketi lake, kama alivyokuwa akifunika vyungu, naye akakaa na shuka mabegani. Majirani walikuja kuona samaki wa bahari wakaonyeshwa mchanga, na mama akawaeleza kwa kirefu mpaka wakaondoka wameridhika. Nilikuwa nasikiliza kutoka jikoni. Nilimwonea fahari.

Mimi nilikuwa na dawa ya kupimia. Unatia matone kwenye maji kidogo ndani ya kichupa: yakigeuka kijani kuna sumu, yakiwa manjano ni salama. Wiki ya kwanza kijani, ya pili kijani kilichokolea. Dereva wa lori aliyekubali kuniletea samaki alipiga simu mara mbili, nikamwambia asubiri.

Jumamosi moja, wiki ya sita, maji yakabaki manjano. Nikapima tena. Manjano. Nikakificha kichupa kiganjani.

"Vipi," mama aliuliza kutoka kwenye kiti chake, "umeiva?"

"Bado mama. Labda wiki ijayo."

Alinyanyuka taratibu, akaja akasimama kando yangu. Akagusa kioo kwa kidole. Ndani ya mchanga palikuwa na vijia vyembamba, na mnyoo kama uzi ukipita humo kwa raha zake.

"Umeiva tangu Jumanne," alisema. "Nilinyamaza tu."

Nilikifungua kiganja chenye kichupa. Nilisogea, tukaendelea kutazama mchanga pamoja.