Themostati Upande wa Mama Mkwe

Nianze na kazi ambayo si yangu, nisije nikajisifu mpaka nikamsahau mwenzangu. Waya mnene unaotoka kwenye meini swichi mpaka chumbani kwa mama mkwe aliuvuta fundi umeme, jirani yetu hapa Uyole, na boksi linalowasha na kuzima hita alilifunga yeye, mke wangu akiwa amesimama naye humo chumbani. Mimi nilifunga kile kidude cha ukutani tu, themostati, ambacho kinapima ubaridi wa chumba na kuliambia boksi liwashe au lizime. Na hicho nacho mara ya kwanza nilikifunga mahali pasipo pake. Nayaandika yote mawili kwa sababu yote ni kweli.

Mama mkwe kazaliwa upande wa Iringa, akaolewa Madibira kwenye mpunga, na kwa jinsi alivyokaa na joto la kule, baridi ya kwao ameisahau. Kwetu alikuja kwa ajili ya kifua. Daktari alimpangia kliniki ya miezi, dawa na vipimo, kisha akasema neno moja zito: moshi wa mkaa basi. Sasa Uyole ikifika Juni kila nyumba inajua dawa yake ya baridi. Jiko linawashwa nje, likishaiva mkaa linaingizwa ndani, mnalizunguka. Kumpa mama jiko ni kumharibia kifua, kumnyima ni kumwachia baridi. Na alikuwa ameshamwambia binti yake, yaani mke wangu, kwamba baridi ikimshinda atarudi Madibira, kliniki ibaki hapo ilipo. Hilo ndilo lililoninyima raha. Kifua kile kisingengoja, nikaamua kumwekea hita ya umeme.

Mimi nauza spea za baiskeli sokoni Mwanjelwa. Shule yangu iliishia darasa la saba, na Kiingereza changu ni kile cha kwenye maboksi ya spea. Jirani yangu wa meza anauza vitu vya umeme vya mtumba, na siku nilipomweleza habari ya hita alichomoa kidude cheupe kidogo kuliko sahani ya chai.

"Hiki ndicho ubongo wa hita," akasema. "Unakipangia saa na unakipangia joto. Wewe unalala, chenyewe kinafikiri."

"Na kikifikiri vibaya?"

"Basi kitakuwa kimemwiga mwenye nyumba."

Nilikichukua pamoja na karatasi yake ya maelekezo, imekunjwa mara nyingi kama ramani, lugha tele na picha chache. Picha ndizo zilizonipa moyo.

Hapa inabidi nieleze jambo kwa ambaye hakuoa huku kwetu. Mkwe mwanamume haingii chumba anacholala mama mkwe wake. Hampi kitu mkono kwa mkono, hakai akamtazama usoni. Siyo ugomvi, ni heshima, na mimi na mama tumeishika tangu nilipooa. Asubuhi tunasalimiana ukuta ukiwa katikati. "Kamwene, mama." "Kamwene, baba." Basi, siku imeanza.

Kwa hiyo fundi alipomaliza ya kwake na kuniambia themostati ni nyaya mbili nyembamba tu na betri mbili kama za rimoti, nitaiweza mwenyewe, sikufikiria mara mbili wapi pa kuiweka. Chumbani kwa mama siingii. Nikaifunga kwenye ukuta wa sebuleni, ule ule unaopakana na chumba chake, nyaya zikapita kwenye tundu dogo mpaka kwenye boksi kule ndani. Nilijiona nimetumia akili. Mashine upande wangu, joto upande wake, heshima katikati haijaguswa. Nilipobonyeza nikasikia hita ya ng'ambo imelia ta, ikaanza kunguruma, niliita watoto waje waone. Sikuwa nimewahi kufunga kitu kikafikiri.

Mke wangu alipotoka chumbani kwa mama yake akasema, "Mama anashukuru sana."

Nikavimba kichwa. Nitakuwa mwongo nikisema sikuvimba.

Siku zikaenda. Kila nikimuuliza mke wangu mama anaendeleaje na joto, jibu ni lile lile, anashukuru. Lakini nikawa naona kitu. Jua likichomoza tu, mama huyo, yuko uani kwenye kigoda, sweta mbili, na blanketi juu yake, kama mtu aliyekesha barabarani. Nikajiambia wazee ndivyo walivyo, wanapenda jua. Nikajiambia pia kwamba pengine mimi sijui ninachokifanya. Mawazo yote mawili niliyaacha pale pale, nikaenda kazini.

Halafu jioni moja mke wangu akaniambia taratibu huku anachambua mchele. "Mama anasafiri kesho kutwa."

"Anakwenda wapi, na kliniki je?"

"Anasema amekumbuka mashamba yake."

"Mashamba gani msimu huu? Mpunga umeshavunwa."

Akainamia mchele wake. Mke wangu akiinama hivyo ujue kuna maneno amekabidhiwa na amekatazwa kuyatoa.

Asubuhi yake alikwenda kazini, yeye anapika kwenye shule, nami nikachelewa makusudi kwenda Mwanjelwa. Nilikaa sebuleni nikiitazama themostati. Ilikuwa imeandika ishirini na mbili, na kweli nilikuwa nimefungua vifungo vya koti. Jiko la gesi lilikuwa limetoka kuchemsha uji na maji ya watoto, na jiko letu na sebule hakuna mlango katikati. Upande wa pili wa ukuta nikasikia mama anakohoa, halafu zipu ya begi. Hita ilikuwa kimya.

Pale ndipo iliponiingia, kama mtu amenipiga kofi. Kidude kinapima pale kilipo! Sebule ikipashwa na uji wetu, na watoto, na televisheni, na wageni, kinasema nyumba ina joto, kinazima hita ya mama. Nilikuwa nimempimia mama baridi kwa ngozi yangu. Na mama wa watu asingesema. Mkwe amekufungia mashine, utatamkaje kwamba haipashi? Heshima yangu iliweka kidude upande usio wake, na heshima yake ikanyamaza. Nikitaka kuwa wa haki, siwezi kumlaumu yeye kwa kunyamaza na mimi nisijilaumu kwa kutoingia, maana tulikuwa tunafanya kitu kimoja.

Fundi nilimpigia, akasema yuko Chimala kwenye mashine ya kukobolea mpunga, mpaka wiki ijayo. Mke wangu angerudi jioni, na begi lilishafungwa. Nikasogea mpaka karibu na mlango wa mama, nikaupa mgongo.

"Mama."

"Ee, baba."

"Humo ndani ni baridi?"

"Siyo sana."

"Mama, naomba uniambie ukweli. Kidude nimekiweka vibaya. Kosa ni langu, siyo la hita."

Nikasikia anakaa kitandani. "Ni baridi, baba. Alfajiri nikisali, Baba Yetu naimalizia blanketini."

Sijui nilicheka au nilifanyaje. Nikamwambia kidude kinatakiwa kiwe humo alimo, na mimi siwezi kuingia, na fundi hayupo.

"Mimi nitoke uani, wewe uingie," akasema, lakini nilisikia sauti yake haikutaka, na yangu nayo isingetaka. Vitu vyake vilikuwa humo. Kitanda chake kilikuwa humo.

"Hapana, mama. Utakifunga wewe."

"Nani? Mimi?"

"Mimi nitasoma karatasi, wewe utafunga."

"Baba, mimi nimefunga magunia."

"Hiki ni kidogo kuliko gunia."

"Gunia halina umeme!"

Nikazima meini swichi, nikamwambia nimeizima, na kwamba hata isingezimwa nyaya zile zina nguvu ya betri za rimoti tu. Nikafungua themostati ukutani, nikaiweka juu ya stuli mlangoni pake pamoja na bisibisi, nikarudi nyuma mpaka kwenye makochi. Mlango ukafunguka kidogo, mkono ukatoka, vitu vikaingia.

"Sasa uzivute zile nyaya mbili kutoka kwenye tundu."

"Zimekuja. Hii moja imekunjamana kama mkia wa panya."

"Inyooshe tu. Wapi ukutani ni mbali na dirisha na mbali na hita? Usawa wa kifua chako."

"Hapa kwenye kalenda ya kanisa."

"Msumari wake ni imara?"

"Umebeba watakatifu mwaka mzima, utashindwa na hiki?"

Kalenda ikahamia kwingine. Tukaja kwenye skrubu mbili ndogo. Akauliza waya upi unaingia upi, na mimi nikaogopa kumwambia kitu ambacho sikijui. Niliitazama picha nikaitazama tena. "Popote, mama. Ni sawa zote." Nikamwomba Mungu iwe hivyo. Nilisikia bisibisi inateleza, nikasikia anaiambia skrubu kitu kwa Kihehe ambacho sitakiandika, kisha: "Imeuma, haitoki."

Nikawasha meini swichi.

Ikabaki kuipanga. Siku ya mashine ile imegawanyika mara nne, na kila kipande kina picha yake ndogo.

"Unaona nyumba yenye jua linatoka? Hapo ni kuamka. Wewe unaamka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja nasali."

"Basi iamke kabla yako, ikutangulie. Picha ya pili?"

"Mtu anatoka nyumbani."

"Ndiyo. Mashine inazima mtu akienda kazini."

"Mimi siendi kazini. Mwambie arudi ndani."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema tutaifuta, akaniwahi. "Subiri. Jua likishapanda mimi nakaa uani. Hapo hita inampashia nani? Kitanda? Mwache atoke." Ya tatu, ya mtu anayerudi, akaipangia saa tisa, ukungu unaposhuka kutoka milimani. Ya nne, ya kulala, akasema blanketi zipo, ipunguzwe. Nilishika tama. Mimi kwa kidude kile kile nilikuwa nimepanga siku ya mtu wa kiwandani, asiyekuwepo humu ndani. Yeye akapanga ya kwake.

Tulibishana kwenye joto tu.

"Madibira ni ngapi?"

"Mchana? Labda thelathini, na zaidi."

"Weka hiyo."

"Mama, mita ya umeme italia mchana kutwa."

"Basi nipe ya Iringa wakati wa mavuno."

Sijui ya Iringa wakati wa mavuno ni ngapi, na sidhani kama kuna karatasi inayosema. Tulianza na ishirini, akasema haitoshi, tukapanda moja moja, yeye anabonyeza na mimi nangoja sebuleni, mpaka ishirini na mbili. Akabonyeza kitufe cha kukubali, hita ikalia ta, ikanguruma, haikunyamaza.

"Baba! Imenisikia!"

Tulikaa hivyo kwa muda, mimi kwenye kochi, yeye kwenye kitanda nadhani, ukuta katikati, tukiisikiliza hita. Katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwa nimeongea na mama mkwe maneno mengi kama ya asubuhi ile, na hakuna mila tuliyoivunja. Nilifika Mwanjelwa mchana, jirani wa meza akaniuliza mbona natabasamu peke yangu. Nikamwambia ubongo wa hita umepata mtu wa kuufundisha.

Jioni mke wangu aliingia kwa mama yake, akatoka na nguo za begi la mama mikononi, akazirudisha kwenye kamba ya kanga na magauni. Hakunieleza, na sikuuliza. Usoni alikuwa amelegea.

Isije ikaonekana tumemaliza baridi. Kuna alfajiri mama bado anavaa sweta, na umeme ukikatika wote tunarudi kwenye mablanketi. Kikohozi hakijaisha, kimepungua, na sina uhakika sehemu gani ni ya dawa na sehemu gani ni ya kile kidude. Daktari ndiye ajuaye. Ninachojua ni kwamba kliniki hajakosa hata moja.

Jumapili iliyopita nilikuwa natoka kwenda kuona mtu wa spea nikamsikia mama anaongea na simu, na shemeji yake wa Madibira, sauti ya juu kama watu wa kule wanavyoongea na simu, utadhani wanaitana ng'ambo ya mfereji.

"Siji sasa hivi! Nimesema siji! Nani kaifunga? Mimi. Mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Fundi? Fundi wa nini? Mkwe alikuwa anasoma, mimi nafunga. Ee. Anasoma vizuri, tena taratibu, hakukosea hata neno."

Nilikosea maneno mawili, labda matatu. Nilisimama pale sebuleni na kofia mkononi, nikitaka kumsahihisha kupitia ukutani, nikashindwa. Niliweka kofia mezani, nikakaa, nikamsikiliza mpaka mwisho.