Gari Lililoshushwa kwa Ajili ya Harusi

Tumbo la gari likikwaruza barabara hutoa mlio wa sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Hata leo, vijana wakipita na magari yao yaliyoshushwa, mikono yangu hutafuta kitu cha kushika. Niwaeleze kwa nini.

Nilikuwa darasa la nne, nyumbani Manga. Baba alikuwa amenunua gari dogo la saluni, jeupe na kuukuu, ili alikodishe kwenye harusi, na aliamini kwamba bwana harusi wa siku hizi hataki gari lililosimama juu kama mbuzi. Akaagiza springi fupi, tukazipeleka kwa fundi Ombati, kwenye gereji yake njia ya kwenda Kisii mjini.

Kazi yenyewe si ngumu kuielewa. Springi ndiyo inayolala na kuinuka gurudumu linapopita shimoni. Ukiweka fupi, nafasi yake ya kulala hupungua, kwa hiyo raba inayoizuia isifike mwisho nayo hukatwa ili ipate pa kushukia. Lakini Ombati alizoea magari ya Probox ya kubeba watu na ndizi, ambayo siku zote huongezewa raba nene yasilemewe. Kwa mazoea akaziweka raba hizo na kwenye letu.

"Baba Kemunto, gari bila raba ni la nini? Siku moja utabeba ndizi tu."

"Hili ni la maharusi."

"Na bibi harusi akiwa mnene je?"

Baba akacheka, raba zikabaki. Gari likawa chini, na gumu kama meza. Kwenye lami lilipendeza sana.

Kisha mvua zikaja. Mama alikuwa mjamzito, siku zake bado, na asubuhi moja akaanza kutoka damu. Hakuweza kukaa juu ya pikipiki. Probox ya jirani ilikuwa imeshaenda sokoni. Likabaki gari letu, utepe wa harusi ya Jumamosi ukiwa bado kwenye vishikio vya milango.

Mama alilazwa kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Mama mdogo. Mimi nilikaa mbele kwa sababu hapakuwa na wa kuachiwa. Malori ya majani chai yalikuwa yamechimba mifereji miwili barabarani, na katikati kumebaki tuta la udongo. Gari likalala juu ya tuta hilo. Wanawake waliokuwa wakitoka kuchuma chai wakatua vikapu, wakasukuma.

"Polepole, kuna mtu ndani," mmoja wao aliwaambia wenzake.

Likasogea kidogo, likalala tena. Kila shimo lilimfikia Mama kama lilivyo, maana springi haikuwa na pa kushukia. Baba alirudia neno moja tu kwa Ekegusii, kuomba msamaha, macho yake yakiwa barabarani.

Ndipo Mama akaniita, sauti yake ya kawaida kabisa.

"Kemunto, shuka. Kimbia mbele ututolee mawe."

"Mawe gani, Mama?"

"Yote utakayoyaona. Na usigeuke nyuma, utayaruka mengine."

Nilikimbia. Niliokota mawe nikiyatupa kwenye majani ya ng'ombe, kucha zikachanika. Nyuma yangu nilisikia mkwaruzo, kisha Mama mdogo akiomba kwa sauti kubwa, kisha kwa sauti ndogo. Nikaongeza kasi. Niliamini kabisa kwamba nikimaliza mawe, Mama atapona. Sikugeuka mpaka tulipofika lami.

Mama alirudi kutoka hospitali. Mdogo wangu, aliyezaliwa mle garini, hakurudi.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kitu ambacho dereva yeyote angekiona palepale. Gari letu halikuwa likigonga mawe. Lilikuwa likilalia tuta, na mawe niliyotupa yalikuwa pembeni, hayamzuii mtu. Mama alilijua hilo; mkwaruzo ulikuwa chini ya mgongo wake. Mtoto mmoja alikuwa akimtoka mikononi, na pumzi aliyobaki nayo akaitumia kumtafutia mwingine kazi ya kumfanya atazame mbele.