Mbwa Asiyetaka Nyama Yangu

Mwenye ploti yetu kule Tuwan, Kitale, alisema mbwa aondoke au tuondoke sisi. Basi nikampeleka mbwa wangu Malakisi kwa shemeji, kaka wa mume wangu, mkulima wa tumbaku mwenye boma kubwa na watoto wengi. Mbwa mwenyewe alikuwa mpole ajabu. Kila aliyeingia getini, awe muuza maziwa au mgeni wa jirani, alilambwa mikono. Nilitaka kitu kimoja tu: apate watu watakaompenda hivyo alivyo. Nilimwambia shemeji wazi, naye akacheka.

"Enda na amani, shem. Hiyo mbwa ni ya kwetu sasa."

Baada ya mavuno nilienda kumwona, na nyama ya kuchemsha kwenye mkebe. Nilimkuta amefungwa nyuma ya banda la kukaushia tumbaku, macho mekundu, pua imechubuka. Nikauliza kama ni mgonjwa. Shemeji akajibu kwa majivuno, kama mtu anayeonyesha ng'ombe wa gredi.

"Mgonjwa wapi! Tunamlisha nyama na piripiri, ile kali kabisa, ndio akuwe mkali. Ingine tunapaka kwa pua. Mbwa gani ya kuchekea wageni, bana?"

Watoto wakaangua kicheko. Mke wake akaniletea chai, ati kwanza tuombe. Wakafumba macho wote, wakashukuru Mungu kwa mgeni. Mimi nilikitazama kile kikombe. Ptu! Kinyaa kilinishika hadi nikashindwa kusema amina.

Nikaenda nikachuchumaa, nikamwita mbwa. Mkia ulitingishika kidogo, alinijua. Nikamnyooshea kipande cha nyama. Alinusa, akarudi nyuma mpaka mnyororo ukamkaba. Nikakiuma mwenyewe, nikatafuna mbele yake, nikamnyooshea kilichobaki. Akanitolea meno.

"Si umeona?" shemeji akapiga makofi. "Ameiva!"

"Nyinyi watu mnatapisha," nikamwambia, na kikombe changu cha chai nikakiacha kimejaa.

Nikafungua mnyororo, nikaondoka naye. Mwenye ploti alipofoka, tulihama. Sasa tuna uwanja, na hakuna anayempaka chochote. Lakini hajala tena mkononi mwangu. Naweka sahani, naingia ndani, nafunga mlango, ndipo namsikia akianza kula.