Mwalimu wa Kemia na Jumamosi ya Umuganda

Msiba ulinifikia Jumanne asubuhi nikiwa mezani: mwalimu wa kemia wa mtaani kwetu Gikondo amefariki. Moyo, walisema. Wasomaji wangu wa siku zote mnajua kwamba mimi si mwepesi wa machozi, lakini siku ile chai ilipoa nami nautazama ukuta. Haikuwa huzuni peke yake. Ilikuwa hofu pia, kwa sababu marehemu ndiye mtu pekee, nilivyodhani, aliyejua jambo ambalo nimewaficha.

Alilelewa Tanzania, akarudi Kigali kijana, na Kiswahili chake hakikulegea hata siku moja. Alikuwa mgumu, tena msumbufu. Ukikutana naye dukani atakuuliza hiyo chumvi uliyobeba imeundwa na nini. Nilipomtembelea darasani kuandika habari za shule, wanafunzi wa mwaka wa tatu wa sekondari walisimama mbele ya chupa mbili, na hakuna aliyeruhusiwa kumimina kabla ya kusema kwa sauti kitakachotoka. Asiyejua aliirudisha chupa mezani. "Sodiamu ukiitia majini inalipuka," aliwaambia. "Klorini ukiivuta inakuchoma mapafu. Zikiungana, mnazitia kwenye maharage. Kampaundi hairithi tabia za wazazi wake. Kwa hiyo msinidanganye kwamba mkivijua hivi viwili mmeshakijua cha tatu." Niliyanukuu maneno hayo humu, kwenye safu hii, nikayasifu, kisha nikayasahau.

Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi tulikuwa kwenye umuganda, ile kazi yetu ya pamoja, tukisafisha vyoo vya ukumbi wa mtaa. Nilikuwa na ndoo yenye dawa ya kutoa madoa, ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Mfagiaji wa ukumbi, mzee mmoja anayeishi mtaa wa Kimisagara, alikuwa na tindikali ya kusafishia vigae, imehamishiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa kama tulivyozoea wote. Madoa yalikuwa sugu. Nikamwomba ile chupa, nikaimimina yote ndooni, nikijisemea kwamba dawa mbili kali zikikutana zitakuwa dawa moja kali zaidi. Harufu ilinipiga puani, nikadhani ndiyo nguvu yenyewe. Nikaisukuma ndoo ndani, alikokuwa jirani yetu, mama wa watoto wawili, akisugua sakafu.

Kwanza tulisikia kikohozi. Kisha kikakatika, na kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kikohozi. Mwalimu, aliyekuwa nje akilima majani, alinusa hewa mara moja tu, akatupa jembe. "Hiyo ni klorini, rudini nyuma wote," alipaza sauti, akajifunga shati puani, akaingia. Alimtoa kwa kumburuta, macho yake mwenyewe yakitiririka. Mama yule alikuwa akifungua mdomo na hewa haiingii. Tulimkalisha penye upepo mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Alipona, baada ya siku kadhaa za hospitali.

Baada ya kila umuganda kuna mkutano. Mkuu wa mtaa aliuliza nani aliyechanganya, nami nikatazama viatu vyangu. Kwa kuwa tindikali ilikuwa ya mfagiaji, lawama zilimwangukia mfagiaji, na kabla ya saa sita alikuwa amenyang'anywa funguo za ukumbi. Hakujitetea. Mwalimu, aliyekuwa ameniona nikiiingiza ndoo, alinifuata mpaka mlangoni kwangu. "Kemia nimeshaieleza mkutanoni, kwamba tindikali ikikutana na dawa ile ya madoa hutoa klorini," alisema. "Jina sikulitaja. Hilo nakuachia wewe, ndugu yangu, na usichelewe. Yule mzee ana watu wa kulisha." Wiki ile niliandika humu kuhusu usafi wa jiji letu. Wengi mlinipongeza.

Tangu hapo kila tulipokutana alinisalimia vizuri, na kila salamu iliniuma. Sisi wa Kigali tunajivunia barabara zetu, na tuna haki. Lakini bado tunahamishia sumu kwenye chupa za maji, na bado tunahamishia makosa yetu kwa yule asiye na sauti mkutanoni. Nasema tunahamishia, ilhali ningepaswa kusema ninahamishia.

Baada ya mazishi nilikwenda Kimisagara. Nilimkuta yule mzee akiuza makaa mbele ya nyumba yake, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Aliendelea kupanga mafungu yake.

"Muzee, mimi nilikuona," alisema. "Ile chupa ni mimi nilikupa na mkono yangu."

"Mbona hukusema?"

"Nani angeniamini? Wewe iko mwandishi. Mimi iko na ufagio."

Wahenga walisema mnyonge hana haki, nami nimeishi miezi yote hii kwa kuitegemea methali hiyo. Naona aibu, na sitafuti neno la kuipunguza. Safu hii nimemsomea yeye kwanza, na leo asubuhi nimempelekea mkuu wa mtaa nakala. Nimeomba funguo zirudi kwa mwenyewe, sijajibiwa.

Wanafunzi wa marehemu mnaonisoma, mwalimu wenu aliingia penye sumu bila kuuliza ni ya nani. Mimi niliulizwa swali moja tu, penye hewa safi, nikashindwa kuinua mkono. Inueni mkono mapema. Mimi nimeinua wangu leo, na aliyekuwa akinisubiri tumeshamzika.